Chaki Kwenye Damu

Fundi saa aliwasha sigara, akaiegemeza kwenye kisahani cha majivu pale dirishani, kando ya cherehani isiyoshonewa tena, akarudi kukaa. Hakuigusa tena. Aliiacha iungue yenyewe mpaka chumba kikajaa harufu, ndipo akavaa shati lake la kutokea na kufunga mlango.

Moja kila asubuhi, basi. Pakiti ilimtosha wiki tatu kasoro siku moja.

Leo haikuwa Jumatano, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Jana simu yake, ambayo kwa kawaida ililia pale tu mtu anapokosea namba, iliita, na muuguzi akamwambia, "Babu, njoo kesho. Usingoje Jumatano." Hakusema kwa nini, na yeye hakuthubutu kuuliza.

Mwaka wa pili sasa alikuwa akitoa damu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tangazo aliliona mwenyewe ukutani mwa zahanati: waliovuta sigara miaka mingi walitakiwa wajitokeze, ili saratani ya mapafu igunduliwe mapema. Alilisoma mara mbili. Lile neno "mapema" lilimchoma, maana kwake habari zote zilikuwa zimefika kwa kuchelewa. Akaingia, akaandikisha jina.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye utani mwingi na mkono mwepesi. Alimfunga mpira mkononi, akajaza vichupa vitatu, kisha akafungua fomu. Maswali yalikuwa yale yale kila mwezi, ndiyo sheria ya utafiti, na wengine kwenye foleni waliyalalamikia. Fundi saa aliyangoja kwa hamu, kwani siku nyingine zote ishirini na kitu hakuna aliyemuuliza hata amekula nini.

"Sigara ilianza na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa. Nyuma ya cherehani, mama akiwa sokoni. Siku moja mama akarudi ghafla, sigara ikatupwa kwenye kopo la vifungo. Vifungo sita vikayeyuka."

"Na kwa siku ni ngapi?"

"Kumi na mbili. Msimu wa harusi hata ishirini, maana hakuna kulala."

"Harusi na saa wapi na wapi?"

"Kila mtu anataka kuwahi, binti."

Muuguzi akacheka, akamgeuza viganja. "Vidole visafi hivi! Wenzako wana rangi ya chai."

"Fundi saa haachi doa kwenye mali ya mtu."

"Haya. Iliachwa lini?"

"Miaka minne iliyopita. Mwezi wa nane, Jumapili, saa kumi na moja alfajiri."

"Wewe babu wewe! Mimi hata siku aliyozaliwa mume wangu siikumbuki."

Basi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya mwezi mzima. Njiani kurudi aliyarudia peke yake, swali na jibu, na akifika nyumbani kidogo moyo ulikuwa umetulia.

Mwezi uliopita aliuliza wanachokitafuta humo kwenye damu. Muuguzi akamweleza kwamba juu ya DNA hujibandika vialama vidogo sana. "Chukulia fundi nguo na chaki yake. Kitambaa bado kizima, mkasi haujapita, lakini ukiiona chaki unajua patakatwa wapi. Ugonjwa unatia chaki yake kabla picha ya kifua haijaonyesha kitu. Hata moshi wenyewe una chaki yake."

Siku hiyo fundi saa aliondoka akasahau kofia.

Sheria aliijua. Ukikutwa na alama unapelekwa hospitali kubwa, na kwenye meza hii ya maswali hutarudi tena. Dereva mstaafu aliyekuwa akikaa naye kwenye foleni alikwenda hivyo hivyo, na kiti chake kilikaliwa na mtu mwingine mwezi uliofuata.

Leo alipoingia hapakuwa na sindano mezani wala mpira. Muuguzi alifunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kaa, babu. Majibu yako ya miezi yote wameyapitia kwa pamoja. Hayakuwa kama walivyotarajia. Maabara wamerudia mara tatu, wakadhani wamechanganya vichupa."

"Na hawakuchanganya."

"Hawakuchanganya. Siwezi kukuacha kwenye utafiti. Jina lako limeshatolewa."

Kufa hakukumtisha, kifo alikuwa ameshazoea kukifikiria. Kilichomwuma ni Jumatano. Aliitazama ile fomu, maswali yake yote yamejipanga, akaona ataishi na kisahani cha dirishani tu, bila mtu wa kumuuliza lini, wala ngapi, wala ilikuwaje.

"Nilijua siku hii itakuja," alisema. "Uliponiambia kuhusu chaki nilijua."

"Mbona hukusema?"

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ile mikono yake misafi.

Muuguzi akashusha pumzi. "Tumetafuta chaki ya ugonjwa, hakuna. Tukatafuta ya mvutaji, hakuna. Babu, wewe hujawahi kuvuta sigara hata moja maishani mwako."

Akaigeuza fomu upande wake mtupu, akavuta kiti karibu.

"Sasa niambie. Aliyeunguza vifungo alikuwa nani?"