Safari ya Kumi na Mbili

Betri alipiga usukani kwa kiganja. Kizuizi cha geti la machimbo kilikuwa chini tena, na mlinzi amekaa zake kwenye kiti cha plastiki, hatua kumi mbele ya lori, anamtazama tu.

Honi hakuthubutu. Pale machimboni honi ilikuwa na maana moja: baruti inalipuliwa, kila mtu ajifiche. Akashuka, kwa mara ya tisa siku hiyo, akagonga bomba la kizuizi kwa spana.

"Aa, mwanangu, kumbe umefika?" Mlinzi akainuka haraka. "Nisamehe, sikukuona."

Hakumwona! Lori la tani arobaini, jeupe pee, refu kama nyumba! Betri alisonya, akajijazia mwenyewe daftari la magari kama madereva wote walivyofanya, maana mzee alisema anawaamini, akapita.

Jina la Betri alibandikwa na wenzake siku alipokabidhiwa lori la kwanza la umeme. Kazi ilikuwa ileile: kupanda mtupu hadi machimboni, kushuka na mawe hadi kiwandani. Bosi wa usafirishaji alitoa sharti moja. "Mpaka Jumamosi nione safari kumi na mbili kwa siku, kama za dizeli. Likishindwa, linarudi lilikotoka."

Likirudi lori, Betri naye angerudi nyumbani. Daktari alishamwambia kifua chake hakiwezi tena moshi wa dizeli. Na leo ndiyo Jumamosi.

Lori lenyewe halikuwa na neno. Mlimani liliwapita kimyakimya wenzake wakikohoa moshi, na likishuka na mzigo lilijichaji lenyewe. Dakika zote zililiwa getini. Siku tano mfululizo aliishia safari kumi na moja.

Madereva wa dizeli je? Hao hawakusimama kabisa. Kabla hawajamaliza kona ya mwisho, kizuizi kiko juu na mlinzi anawapungia, kila mmoja kwa jina lake. Nao walimpenda. Asubuhi mkewe akimleta na jioni akimfuata, wameshikana mikono, walipiga mbinja na kuwaita wachumba.

"Yule mzee ana miaka ishirini getini," bosi alimjibu Betri alipolalamika. "Hajawahi kumchelewesha mtu. Jiulize umemkosea nini."

"Shikamoo nampa kila siku, bosi! Wale wa dizeli wamemjaza maneno. Hataki hata kuliona lori langu!"

Saa kumi na robo alianza kupanda safari ya kumi na mbili. Muda ulitosha, mradi geti liwe wazi.

Lilikuwa limefungwa. Mlinzi alikaa amemwelekea, uso kwa uso kupitia kioo. Betri akapunga mkono. Akapunga yote miwili. Mzee akajikuna kidevu, akatabasamu.

Machozi ya hasira yalimlenga Betri. Ndipo dizeli ya dereva mwenzake, Kipara, ikasikika kona ya chini, ikinguruma kushinda mashine ya kusaga mawe, na hapohapo mlinzi akaruka kitini kwenda kuinua kizuizi.

Kumbe miguu anayo! Kwa Kipara anayo!

Betri alishuka kwa kishindo kilichomezwa na ule mngurumo. Alikimbia akasimama katikati, baina ya mzee na kizuizi, mikono kiunoni. Alitaka kufoka, akajizuia. Basi akamkodolea macho tu, aone leo atasingizia nini.

Mzee hakupunguza mwendo. Alimjia moja kwa moja, bado anatabasamu, mpaka wakagongana kifua kwa kifua.

Tabasamu likamtoka. Mikono yake ikapanda polepole, ikampapasa Betri mabega, shingo, kisha uso.

"Ni nani?" akauliza.