Kaniki kwenye Bwawa la Aliko

Mzee Aliko alitupa fimbo, akakunja shuka lake mpaka magotini, akakimbilia migombani. Mtu aliyewahi kumfukuza chui kwa kelele tu, leo alikuwa anakimbia nguo.

Nguo yenyewe ilikuwa kaniki nyeusi, mpya, bado inanuka duka. Mwanawe Lameck alimnunulia mke wake kabla hajakwenda Tukuyu kuwabebea Wadachi mawe ya boma. Sasa kaniki hiyo ilikuwa inateremka njia ya bwawani, imemfunika mwanamke tangu utosini, kapu la kuvulia kwapani.

Mkwe! Na kwa Wanyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani kabisa. Ndiyo maana vijana hujenga kijiji chao, mbali na cha baba zao, na mzee mwenye heshima haulizi hata habari za mkwe wake. Njiani mkwe ndiye anayejificha. Lakini mwanamke akishaingia majini hadi kiunoni, atajificha wapi? Basi mzee ndiye aliyekimbia.

Huko migombani alisikia chubwi, chubwi, halafu kicheko kidogo.

"Anavua samaki wangu," alinung'unika. "Nami nimwambieje?"

Bwawa alikuwa amelichimba mwenyewe, hapa bondeni Ipyana, akatia magege kumi na wawili. Mwaka wa tatu hawakuhesabika. Walikuwa vichwa vikubwa, miili kama majani ya mpunga, hakuna anayezidi kidole gumba. Asubuhi walipanda juu wote, midomo wazi, wanaombea hewa. Mzee akacheka kwa furaha, akisema wanamsalimia. Wenye mabwawa mnisikie: samaki wengi namna ile si utajiri. Ni njaa yenye mapezi.

Mkewe, Angetile, alikuwa amekosa usingizi. Wakwe zao wa Matema wangekuja kutembea baada ya mavuno ya mpunga, na Aliko alishajigamba kuwa atawalisha magege wa bwawa lake.

"Baba Lameck, wale ni watu wa ziwani. Wamezoea mbasa wa mkono mzima. Utawapa hawa watafune miiba? Tutaficha wapi nyuso? Tuwapunguze, wanaobaki wakue."

"Nipunguze? Ng'ombe wakijaa zizini, mtu analia?"

"Ng'ombe unawapeleka malishoni. Hawa unawapeleka wapi?"

"Mtu wa nyumba hii nikimwona pale na kapu," alifoka Aliko, "namrudisha kwao na kapu lake!"

"Haya," alisema Angetile. "Mimi hutaniona pale."

Wiki ile ile kaniki ikaanza kuja. Ikawa inakuja kila Angetile akienda kuni, na kila ikija mzee alikimbia. Alipolalamika nyumbani, mkewe alitikisa kichwa.

"Mkwe anayependa kazi hatukanwi, Baba Lameck. Kula."

Alikula. Kila jioni palikuwa na visamaki vya kukausha juu ya ndizi.

"Vitamu! Nani katupa?"

"Watu wana huruma."

Kijiji kizima kikawa na huruma. Jirani yake Hezroni alimpungia mkono kila asubuhi. "Ndaga fijo, Aliko! Ndaga fijo!" Mzee aliitika asante zile bila kujua anashukuriwa nini. Wanawake walipomwona walibana vicheko mpaka mitungi ikamwaga maji.

Siku moja akiwa migombani, alisikia ukelele, halafu kishindo, halafu kimya. Ukingo wa udongo unateleza, ni hatari, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Kumtazama mkwe ni aibu, lakini je, kumwacha azame? Akafumba macho, akaenda kinyumenyume hadi majini, akanyoosha fimbo nyuma yake.

"Shika, mwanangu! Sikuoni!"

Fimbo ikashikwa. Akavuta, akavuta, akasikia mtu anagaagaa matopeni, anatetemeka, analia au anacheka, hakujua. Akaondoka mbio, macho bado kayafumba, akagonga mgomba.

"Mkwe huyo mzito!" alimwambia mkewe jioni, akijikanda kipaji cha uso.

"Anakula samaki," alisema Angetile. Nywele zake zilikuwa zimelowa. Mvua, alisema. Na Kyela nani anabishana na mvua?

Mpunga ukaiva. Asubuhi midomo haikuonekana tena juu ya maji. Mzee alipotupa ndoana akatoa gege mpana kuliko kiganja, akatoa mwingine mpana zaidi, akacheza peke yake ukingoni.

"Nilisema mimi! Samaki ni kama mwanamume. Usipomsumbua, ananenepa!"

Wageni wa Matema walifika na vyungu vya zawadi, wakala, wakanyonya vichwa, wakaomba tena. Aliko alivimba kwa fahari. Kisha baba wa binti, Mzee Anyosisye, akanawa mikono, akasimama.

"Ndaga fijo, Aliko, kwa samaki. Na zaidi, kwa kutuazima binti. Tangu mvua za kwanza yuko kwetu Matema anamuuguza mama yake mguu, hajakanyaga huku hata siku moja. Leo tumemrudisha, yuko hapo nyuma yako."

Kwa adabu Aliko aligeuza uso haraka, asije akamwona. Akajikuta anatazama jikoni.

Mama Lameck alikuwa ameshatupa mwiko, amekunja nguo mpaka magotini, anakimbilia migombani.