Bati la Kwanza

"Ngoja kwanza, usilitoboe!" mama yake aliita kutoka chini.

Cyusa akashusha nyundo. Alikuwa amekaa juu ya boriti za nyumba mpya, misumari imemjaa mdomoni, bati la kwanza liking'aa mbele ya magoti yake. Tangu warudi kutoka Kongo walikuwa wakilala chini ya turubai, na mabati haya ndiyo faida yote ya mama ya kuvusha mihogo mpakani. Yangeuzwa mapya, yangemlipia Cyusa chuo kikuu cha serikali. Lakini bati lenye tundu, nani angelinunua?

"Cyusa, mutoto wangu, niambie tena. Muntu wa diplome anapata mshahara muzuri?"

Jana alikuwa amejigamba: "Maman, mshahara wa mwaka moja tu, naezeka nyumba mbili na choo!" Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Cyusa hakumwambia kwamba mwalimu wake wa hesabu, mwenye diplome ya chuo hichohicho, bado alikuwa akikopa sukari kwa mpakiaji wa saruji.

"Ni kweli, ao ulikuwa unacheza?"

Ladha ya chuma ilimtanda ulimini. Angeweza kuitema ile misumari, aseme. Akaitikia kwa kichwa.

Ndani ya turubai, mdogo wake alikohoa.

"Basi shusha." Mama alilipokea bati, akalipangusa vumbi kwa kitenge. "Batoto bamezoea turubai. Miaka ine ya chuo si mingi."

Cyusa akashuka kumsaidia kulibeba pamoja na mengine hadi sokoni. Alichagua kushika upande wa nyuma, ambako mama hangeuona uso wake.