Vipande Viwili vya Shati

Bibi Kamba aliingiza mikono yote miwili chini ya shuka lililofunika ukuta, akajifanya ananyoosha makunyanzi.

"Bibi, hilo shuka liache tu lilivyo," katibu wa chama alimwambia huku akipanga viti. "Mwewe amesema mtu asiguse."

"Limepinda, mwanangu. Wageni watatucheka."

Halikuwa limepinda hata kidogo. Nyuma yake zilining'inia fremu mbili za kioo, saizi moja, kila moja na kipande cha mgongo wa shati ndani. Juu ya fremu moja ukuta uliandikwa WA KWANZA. Juu ya nyingine, WA PILI.

Desturi ya marubani ndiyo hiyo. Mwanafunzi akirusha ndege peke yake mara ya kwanza, akaishusha salama, mwalimu humkata shati mgongoni kwa mkasi, kisha huandika jina na tarehe kwenye kile kipande. Bibi Kamba na Mwewe walikatwa mashati siku moja, wanawake wa mwanzo kabisa katika chuo kile. Shati la Mwewe lilikuwa jeupe, la mwenzake miraba ya samawati.

Zamu ilikuwa ya Bibi Kamba. Lakini aliinama kufunga kamba ya kiatu, na mwalimu, mtu asiyejua kusubiri, akapaza sauti, "Aliye tayari apande!" Mwewe alikuwa tayari. Alipanda, akazunguka, akatua, na chai aliyoiacha mezani ilikuwa bado inatoa mvuke wakati mwenzake naye anapaa.

Tofauti yao ni hiyo tu, kikombe kimoja cha chai. Ila mmoja alitoka pale akiitwa Mwewe, na mwingine akatoka akiitwa Kamba.

Kikombe kile kilimkaa kooni miaka yote. Mwewe akicheka, yeye aliona anachekwa. Mwewe akivaa gauni jipya, rangi haimfai. Hata alipolazwa hospitali na Mwewe akamletea uji wa moto kila asubuhi, aliunywa wote mpaka akakomba kikombe kwa kidole, kisha akamnong'oneza nesi kwamba sukari ilizidi.

Sasa chama cha marubani wanawake kilikuwa kimenunua ndege ya kufundishia. Mchoraji alikuwa nje na kopo lake la rangi nyekundu, akingoja jina la wa kwanza alichore ubavuni. Nani alitangulia, vijana hawakujua. Mwalimu alishafariki, na tarehe kwenye vile vipande ilikuwa moja. Walipouliza, Mwewe alidakia kabla swali halijaisha: "Niachieni mimi. Nitavitundika mwenyewe, kwa mikono yangu."

Bibi Kamba angesema nini? Aombe?

Lililomchoma zaidi ni mjukuu wake. Binti yule alikuwa anaanza mafunzo kwenye ndege hiyohiyo. Yaani damu yake ipande kila siku ndege yenye jina la Mwewe, ishuke, na bado iseme asante! Hapana. Hilo lilikuwa halimezeki.

Vidole vyake vilipapasa nyuzi za fremu bila msaada wa macho. Tangu siku ile ya kiatu, hakuna fundo lililowahi kumshinda. Akatungua ya kwanza, akaiegemeza tumboni chini ya shuka, akahamisha ya pili, akarudisha ile ya tumboni kwenye msumari uliobaki wazi. Kioo kikagonga ukuta, ko!

"Nini hicho, bibi?"

"Pete yangu, mwanangu. Wewe panga viti."

Ukumbi ulipojaa, Mwewe aliingia akichechemea, mkongojo mkono mmoja, uso umejaa tabasamu. Akamshika Bibi Kamba kiwiko.

"Mwenzangu, njoo ukae hapa mbele, karibu na kamera."

"Mbele si ndiko unakokaa wewe siku zote?"

"Leo kaa wewe. Na jifute poda puani, utapigwa picha."

Anataka nipigwe picha nikiumbuka, Bibi Kamba alijisemea moyoni. Akakaa. Akajifuta poda puani.

"Viatu umefunga?" Mwewe alimnong'oneza.

"Nimepiga mafundo mawili."

"Safi. Leo hakuna wa kukuacha nyuma."

Cheka tu, Bibi Kamba aliwaza. Cheka sasa hivi, bado kidogo utalia.

Katibu akasema maneno yake, marefu kama kawaida ya makatibu, kisha akamwita mjukuu mbele avute shuka. Binti akalivuta kwa mkupuo mmoja. Shuka likaanguka, vigelegele vikapaa hadi darini, na mchoraji, aliyekuwa amechungulia dirishani, akasoma jina akakimbilia ndege na brashi yake.

Bibi Kamba alikuwa ameshanyanyuka nusu, mkono umeshainuka kupungia watu. Ukabaki hewani.

Chini ya WA KWANZA kilikuwa kitambaa cheupe. Miraba ya samawati ilikuwa chini ya WA PILI.

Pembeni yake tabasamu la Mwewe lilizimika. Mkongojo ukamponyoka, ukalia sakafuni. Akamshika mwenzake mkono.

"Mwenzangu, kuna mtu amevigeuza! Asubuhi pale pa kwanza nilikuweka wewe. Si ilikuwa zamu yako?"