Sefu ya Sakristia

Sefu ililia tiit, tiit, tiiit, taa nyekundu ikawaka. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Kitasa kikagoma, ndiyo tabia yake, ukikosea mara tatu kinanuna dakika kumi.

"Tusubiri," alisema Padre Marselino. Keshokutwa Askofu angefika Ifakara kutoa kipaimara, na kalisi ya dhahabu, kikombe cha misa, ilikuwa humo ndani.

Mzee Kelestini, sakristani, alifuta vidole kwenye kanzu. Miaka minne vidole hivyo vilifungua sefu hata macho yakiwa yamefumbwa. Padre wa zamani alimshika mkono siku ya kwanza akamwonyesha: hapa, hapa, pale. Kisha akarudi kwao Ulaya.

Juzi unyevu wa masika uliua kibao cha vitufe. Fundi Silvano akabandika kingine. "Usihofu, mzee. Namba inakaa kwenye kitasa ndani, haikai kwenye kibao. Ni ileile. Ila hapa moja iko juu, kwenye kile cha zamani ilikuwa chini." Kelestini aliitikia kwa kichwa.

"Basi itaje, nibonyeze mimi," alisema Padre.

Kelestini akatazama sakafu.

"Umeisahau?"

"Sijaisahau, Baba."

Mlangoni Mama Verediana, mwenyekiti wa akina mama, akachekea puani. "Ataitajaje? Kalisi ilishavuka kivuko. Iko Mahenge inanywewa pombe."

Watu dirishani wakacheka. Kelestini alihisi masikio yakiwaka. Akapima aibu mbili, akachukua moja.

"Nimeiuza," akasema.

Akavua kanzu mwenyewe, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye benchi.

Kesho yake simu ya Ulaya, kwa padre wa zamani, ikapatikana posta. Padre Marselino alirudi mbio, akabonyeza tarakimu sita. Kitasa kikalia mara moja tu, mlango ukaachia. Kalisi ilikuwa palepale, imeviringishwa kitambaa kama Kelestini alivyoiviringisha.

Alimkuta mzee shambani amejiinamia kwenye mpunga, akamshika mkono, akamleta mpaka mlango wa kanisa.

"Mzee wangu, kwa nini ujiite mwizi? Namba yenyewe si hii hapa, tarehe ya jiwe la msingi? Kila Pasaka unaipaka rangi kwa mkono wako."

Kelestini akapitisha kidole polepole kwenye michongo ile, mmoja baada ya mwingine. Akageuka kuangalia kama kuna mtu karibu.

"Nisomee, Baba," akanong'ona.