Kunguru na Mashimo Aliyoyachungulia

Kiangazi kilipobisha hodi, Kindi mwenye subira alianza kufukia korosho zake. Kunguru, aliyejisifu kwamba hasahau kitu, alikuwa mtini akimwangalia.

Kindi akamwona. Akatia korosho moja katika shimo la kwanza, kisha akazunguka shamba zima akichimba na kufukia mashimo matupu.

Kunguru akashuka, akafukua lile la kwanza, akala. "Tamu! Leo sibanduki hapa mpaka nizimalize."

Akafukua jingine, na jingine, mpaka mdomo ukachubuka. Kila akikuta shimo tupu, anarukia la mbele. Nyuma yake Kindi akapita kimya, akitia korosho zake katika mashimo yale yale na kuyafukia upya.

Kesho yake Kunguru akarudi na njaa. "We Kindi, korosho umezificha wapi?"

Kindi hakuona haja ya kuficha tena. "Katika mashimo uliyoyafukua jana, bwana."

Kunguru akacheka. "Mdanganye mwingine! Yale nimeyachungulia kwa macho yangu haya."

Akainamisha mdomo wake uliochubuka, akaanza kuchimba shimo jipya.