Binti Kengele Hana Hatia

Hata saa nne ya asubuhi haijafika, mkutubi alikuwa ameshawabana watu watatu waisome ile hadithi, na mmoja wao alikuja tu kuulizia kitabu cha ufugaji wa kuku.

"Kuku watakungoja," alimwambia. "Lete simu nikuonyeshe. Ukianza sura ya kwanza, huiachi."

Binti Kengele alijulikana kwa kila mtoto aliyepita shuleni. Ndiye aliyekuwa zamu mnarani siku maadui walipoufikia mji, akawaona, na kengele hakuipiga. Mji ukaanguka. Tangu hapo mtu akikuangusha unamwita Binti Kengele, na ugomvi unaanzia hapo. Kisha ikaja tamthilia ya televisheni, ikampa kucha ndefu na kicheko kibaya, ikamchafua hata pale vitabu vilipokuwa vimesahau.

Mashabiki wa tamthilia ndio waliokataa. Wakawachukua wahusika wale wale na kuwaandikia hadithi zao wenyewe mtandaoni. Nyingi zilikuwa porojo tupu. Moja, ya mwandishi aliyejiita Mvumilivu, ilikuwa moto wa kuotea mbali. Kila Alhamisi, kwa miezi, sura mpya ilimsafisha Binti Kengele: pengine homa ilikuwa imemlaza, pengine kamba ilikatwa na mtu, pengine ukungu ulitanda asione hata mkono wake. Sura ishirini na tisa tayari. Mkutubi alizisoma zote mara mbili, na chini ya kila moja aliandika maoni marefu kuliko ya mtu yeyote. Asiyekuwepo asihukumu, aliandika. Kwa nini jambo lile lilimkaa rohoni hivyo, mwenyewe hakupenda kujiuliza.

Lakini msomaji aliyemtaka hasa hakumpata. Dada yake mkubwa hakutaka hata kuisikia.

Walikuwa wawili tu duniani. Wazazi walifariki mkutubi akiwa na miaka kumi na mitatu, na dada akawa mama, baba na kila kitu. Dada alikuwa ameomba kusomea uuguzi, akangoja jibu lisifike, akaishia chumba cha kufulia cha hospitali, akifua mashuka ya wagonjwa ambao angeweza kuwauguza. Hakuwahi kulalamika. Hata mwaka jana mwalimu mkuu wao wa zamani alipolazwa, dada ndiye aliyempelekea mashuka safi kila siku na kukaa naye wakikumbushana ya zamani.

Siku hizi, hata hivyo, dada alikuwa amepoa. Alijibu kwa neno moja moja, akala haraka, akaingia chumbani na kufunga mlango. Mkutubi aliumia. Alimtaka dada yake arudi kama zamani, na aliamini hadithi nzuri ingewapa cha kuongea mezani.

"Dada, soma basi. Hata sura moja tu."

"Si unanisimulia kila siku? Inatosha."

"Na humwonei huruma? Miaka yote hiyo watu wanamsema!"

Dada alikuwa akikunja nguo. Aliikunja moja, akaikunjua, akaikunja tena. "Hivi angeulizwa ana kwa ana, unadhani angesemaje?"

"Angesema hana hatia."

"Haya," dada alisema, akabeba nguo zake.

Sura ya thelathini, ya mwisho, ilitoka Alhamisi mchana. Mkutubi aliacha watu wanapanga foleni kwenye kaunta, akaenda kujibanza kati ya rafu na kuisoma amesimama.

Binti Kengele hakuwa na homa. Kamba ilikuwa nzima, na anga ilikuwa safi bila ukungu. Aliwaona maadui vizuri kabisa, hata farasi wao aliwahesabu. Lakini kengele ikilia, dada yake wa pekee angekimbia na watu wengine kwa lango la nyuma la mji na kwenda mbali, na yeye angebaki mnarani peke yake. Basi akanyamaza.

Mkutubi alisoma mstari wa mwisho mara tatu. Alijisikia kama aliyevuliwa nguo sokoni. Watu wote aliowashawishi wangemcheka sasa, na kweli yule wa kuku alikuwa ameshatuma ujumbe: "Kumbe ni yeye bwana!" Lakini si kicheko kilichomchoma. Alimwamini Mvumilivu, akamtetea kwa kila mtu, na Mvumilivu amemgeuka mchana kweupe.

Aliomba ruhusa akarudi nyumbani. Dada alikuwa mapumzikoni siku hiyo. Alikaa mezani, mikono juu ya meza, kama mtu aliyemaliza kazi.

"Ametusaliti!" Mkutubi hakuvua hata viatu. "Sura zote zile anatuambia hana hatia, leo anasema alinyamaza makusudi! Kumbe alijua tangu mwanzo!"

"Alijua," dada alisema.

"Sasa alikuwa anatuzungusha ili iweje? Alikuwa anangoja nini?"

Dada aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima kumtazama mdogo wake machoni, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwalimu mkuu aliniambia kule wodini kwamba miaka ile nafasi yangu ya kusomea uuguzi ilipatikana, na alikuja mpaka mlangoni kunipa habari, mimi nimekwenda kuteka maji, akakuachia wewe ujumbe," alisema. "Sura ishirini na tisa nimekungoja, mdogo wangu, useme mwenyewe."